Barua Pepe Zinaingia ila Hazitoki: Mwongozo wa Kutafuta Kosa la Kutuma kwa Simu

"Kaka, zinaingia vizuri tu, ila hazitoki." Sentensi hii nimeambiwa na makarani wa forodha, walimu, na mchungaji mmoja aliyenipigia saa tano usiku akiwa na ratiba ya mkutano iliyotakiwa kufika kabla ya asubuhi. Mwenye simu huisema kwa kulalamika tu, lakini fundi anapaswa kuisikiliza vizuri, maana nusu ya jibu imo humo. Zinaingia: basi bando lipo, simu ni nzima na akaunti haijafungwa. Hazitoki: basi tutafute kwenye njia ya kutokea peke yake.

Kupokea na kutuma ni kazi mbili zenye huduma mbili. Simu nyingi hupokea kwa IMAP, kwa kawaida kupitia poti 993, yaani mlango wenye namba kwenye seva, ile kompyuta inayobeba barua zako. Hutuma kwa SMTP, kwa poti nyingine, kwa mipangilio mingine, na mara nyingi kwa nenosiri lililohifadhiwa mahali pengine ndani ya simu hiyohiyo. Ndiyo maana kufuta akaunti na kuiweka upya, jambo ambalo karibu kila mtu hulikimbilia, humrudisha mtu kwenye kosa lilelile. Na kama akaunti ni ya POP, njia ya zamani ya kupokea inayoshusha barua kwenye simu, barua ambazo zimebaki kwenye simu tu zinakwenda nayo. Kwa hiyo usifute kitu.

Mambo manne kabla ya kugusa mipangilio

Kwanza tazama barua imekwama wapi. Ikiwa bado imo kwenye kikasha toezi, kile ambacho simu nyingi hukiandika Outbox, haijatoka mkononi mwako. Lakini ikiwa imeshaingia kwenye zilizotumwa, kisha baada ya dakika chache ukapokea barua kutoka kwa MAILER-DAEMON, jina ambalo seva hulitumia kukuarifu kuwa barua imeshindikana, simu yako haina kosa. Seva yako iliipokea, na tatizo liko mbele ya safari: anwani imekosewa, kisanduku cha mpokeaji kimejaa, au seva ya huko imeikataa. Soma barua hiyo ya MAILER-DAEMON hadi chini. Sababu huandikwa humo.

Pili, badilisha mtandao. Zima Wi-Fi utume kwa bando, au kinyume chake. Ni kazi ya nusu dakika na sijui jaribio jingine linalookoa muda kama hili. Ikienda kwa mtandao mmoja na kukataa kwa mwingine, mipangilio yako iko sawa. Usiiguse, ruka uende kwenye sehemu ya mtandao hapo chini.

Tatu, fungua barua pepe kwenye kivinjari, kwa anwani ya webmail uliyopewa na wenye seva, na utume ujumbe kutoka huko. Nenosiri liandike kwa mkono, herufi kwa herufi, usikubali kivinjari kikujazie. Ikikubali, akaunti ni nzima na nenosiri unalolijua ndilo lenyewe.

Nne, piga picha ya skrini kosa linapotokea. "Imekataa" haimsaidii mtu. Tafuta namba ya tarakimu tatu: ikianza na 4, seva inasema jaribu tena baadaye; ikianza na 5, imekataa, na hata ukibonyeza tuma mara mia itakujibu vilevile. Kama hakuna namba kabisa, huenda simu haikufikia hatua ya kuzungumza na seva, na hapo wa kushukiwa ni poti, cheti (kitambulisho cha seva) au mtandao.

Poti na ulinzi wake ni mke na mume

SMTP iliandikwa mwaka 1982, zama ambazo watu wa mtandao walikuwa wachache na waliaminiana. Haikuwa na nenosiri wala usimbaji, yaani kuficha ujumbe usisomeke njiani. Ilitumia poti 25, na mpaka leo poti hiyo ndiyo seva hutumia kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1998 watumiaji wa kawaida wakatengewa poti 587. Poti 465 ilikuwa imesajiliwa kwa ajili ya SMTP iliyosimbwa, ikafutwa, watu wakaendelea kuitumia hivyohivyo, hadi mwaka 2018 ikarudishwa rasmi na kupendekezwa. Ukikuta mwongozo wa zamani unaosema 465 imepitwa na wakati na mpya unaosema ndiyo bora, ujue kila mmoja ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa.

Kinachokuhusu ni hiki: 465 huenda na SSL/TLS, yaani mazungumzo yanasimbwa tangu sekunde ya kwanza. 587 huenda na STARTTLS, yaani mazungumzo yanaanza wazi, kisha simu inaomba yasimbwe kabla ya kutoa nenosiri. Usizichanganye.

Ukiweka 465 na STARTTLS, simu itazunguka dakika nzima kisha iseme imeshindwa kuunganisha. Ukitazama kwa ndani utacheka. Simu imefika mlangoni inasubiri seva iitikie kwa maneno ya wazi. Seva nayo inasubiri simu ianze kusimba. Wawili wamesimama pande mbili za mlango, kila mmoja anangoja mwenzake apige hodi. Ukifanya kinyume, 587 na SSL/TLS, kosa huja papo hapo: simu inatuma data zilizosimbwa, seva inajibu "220 karibu" kwa maandishi ya kawaida, simu haielewi kitu inakata. Kuchelewa au kuwahi kwa kosa kunakuonyesha umekosea upande gani.

Ukiona "530 5.7.0 Must issue a STARTTLS command first", umechagua kutokuwa na ulinzi wowote na seva imekataa kulisikia nenosiri lako hadharani. Ishukuru, kisha weka ulinzi.

Poti 25 iondoe kwenye simu hata kama "zamani ilikuwa inafanya kazi". Watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa sababu kompyuta zenye virusi huitumia kumwaga barua taka.

Mtego wa "Optional" kwenye iPhone

Hapa ndipo nilipotumia siku zangu nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unapoweka akaunti ya kampuni kwenye iPhone, sehemu ya seva ya kutuma ina nafasi za jina la mtumiaji na nenosiri, na ndani yake kwa rangi ya kijivu imeandikwa "Optional". Mtu anasoma hilo, anaona ni hiari, anaacha wazi. Simu haimkatazi. Kesho yake anatuma barua kwa mteja mwenye Gmail na anapata ujumbe kwamba mpokeaji amekataliwa kwa sababu seva "does not allow relaying".

Maana yake ni nini? Seva inapokea barua za watu wa domeni yake (jina linalofuata @ kwenye anwani) kutoka kwa yeyote, ndiyo kazi yake. Lakini kubeba barua kwenda kwa watu wa nje hukubali kwa yule tu aliyejitambulisha. Wewe hukujitambulisha. Ndiyo maana kuna dalili moja ya kuchekesha: barua za wenzako wa ofisini zinafika, za wateja zinakataliwa. Ukisikia hivyo huhitaji hata kuiona simu. Kwenye seva zinazotumia Postfix, programu ya kupokea na kupeleka barua, kosa hilo husomeka "554 5.7.1 Relay access denied", au 454 kwa baadhi ya mipangilio.

Tiba: ingia Settings, kisha Mail (kuanzia iOS 18 iko ndani ya Apps), fungua akaunti, gusa seva ya kutuma, kisha ile iliyoandikwa Primary Server. Jaza jina la mtumiaji, ambalo kwenye seva nyingi ni anwani nzima ikiwa na @ na domeni yake, siyo jina la mbele tu. Jaza nenosiri. Washa Use SSL. Kwenye Authentication chagua Password. Kwenye Server Port andika 465, au 587 kama ndiyo uliyopewa.

Ukiwa hapohapo, tazama orodha ya seva nyingine za SMTP zilizoko chini yake. Seva kuu ikishindwa, iPhone hujaribu hizo nyingine zilizowashwa, kimyakimya. Barua ya kampuni inaweza kutoka kupitia akaunti yako binafsi, mpokeaji akaikuta kwenye taka kwa sababu imetoka kwenye seva ambayo domeni ya kampuni haiitambui. Zizime zote zisizohusika.

Kwenye Android, programu ya Gmail ina jambo hilohilo kwa umbo jingine: mipangilio ya akaunti, sehemu ya kutuma, kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachouliza kama seva inahitaji kuingia. Tiki iwepo. Samsung na Thunderbird wana vyao, maneno yanatofautiana lakini vitu ni vilevile vitano: jina la seva, poti, ulinzi, jina la mtumiaji, nenosiri.

Nenosiri: 535

Namba 535 haina mafumbo. Seva imekusikia na haikukubali. Sababu ninayoikuta zaidi ni nenosiri lililobadilishwa hivi karibuni: mtu alilibadilisha upande wa kupokea, barua zikaanza kuingia, akaridhika. Upande wa kutuma bado una lile la zamani.

Sababu nyingine ni nafasi tupu. Ukinakili nenosiri kutoka WhatsApp, mara nyingi kinabebwa kinafasi cha mwisho ambacho huwezi kukiona. Kibodi nayo inapenda kuanza na herufi kubwa.

Kwa akaunti za Google zilizowekwa kwa mkono kwenye programu nyingine, nenosiri lako la kawaida halitakubaliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu, lile la herufi 16. Na ukibadilisha nenosiri la akaunti ya Google, haya ya programu yanafutwa yote, lazima utengeneze upya. Akaunti binafsi za Outlook nazo ziliacha kupokea nenosiri peke yake Septemba 2024. Huko chagua aina ya akaunti ya Outlook ili simu ikufungulie ukurasa wa kuingilia, badala ya kujaza mambo ya SMTP kwa mkono.

Wakati mwingine umeingia vizuri ila unaambiwa "553 5.7.1 Sender address rejected: not owned by user". Umejitambulisha kama mtu mmoja na unatuma kwa jina la mwingine, tuseme umeingia kwa anwani yako binafsi ya kazini halafu sehemu ya mtumaji umeandika info@. Mwenye seva akuruhusu, au utumie akaunti yenyewe.

Cheti

Simu ikisema haiwezi kuthibitisha utambulisho wa seva, anza na tarehe na saa ya simu. Sitanii. Betri ikiisha kabisa kwenye simu kuukuu, saa inaweza kurudi miaka ya nyuma, na kwa simu hiyo cheti cha leo bado hakijaanza kutumika.

Kisha linganisha majina. Umeandika mail.domeniyako.co.tz lakini cheti kimetolewa kwa jina la seva ya kampuni inayokukodishia, kwa sababu iko moja na wateja wamo wengi. Andika kwenye simu jina lile lile lililo kwenye cheti, au waombe wakutolee cheti cha jina lako.

Kama hadi jana ilikuwa inakubali na leo simu zote zinalalamika pamoja, cheti kimeisha muda. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90 na hujisasisha vyenyewe. Shida ni kwamba tovuti inaweza kuwa na cheti kipya huku seva ya barua ikiwa imeelekezwa kwenye faili la zamani. Na kama inalalamika simu moja tu, ya zamani, angalia toleo lake: Android iliyo chini ya 7.1.1 haina cheti cha msingi cha Let's Encrypt. Android 4 ina tatizo la ziada, matoleo mapya ya TLS hayakuwashwa tangu kiwandani. Hapo kuna kuweka programu nyingine ya barua, au kubadilisha simu.

Usichague "kubali vyeti vyote" ili mambo yaende. Siku utakayokaa kwenye Wi-Fi ya hoteli na mtu akajifanya seva yako, simu itampa nenosiri bila kuuliza.

Mtandao, na tableti iliyokuwa kwenye droo

Nina ofisi moja ninayoihudumia, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Asubuhi moja simu zote zilikatika kutuma, na kompyuta pia. Kwa bando: zinatuma. Kwa Wi-Fi ya ofisi: kimya, hata namba ya kosa haitokei. Baada ya dakika kumi hivi zikarudi zenyewe. Kabla sijamaliza chai zikakatika tena.

Seva ilikuwa na fail2ban, programu inayofungia anwani ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) iliyokosea nenosiri mara nyingi. Isipobadilishwa, hufunga kwa dakika 10 baada ya makosa matano ndani ya dakika 10. Na ofisi nzima, simu na kompyuta, inatokea nje kwa anwani moja tu. Mmoja akikosea, wanafungiwa wote. Nikaenda kwenye logi, daftari ambamo seva huandika matukio yake:

warning: unknown[203.0.113.25]: SASL LOGIN authentication failed: UGFzc3dvcmQ6

(Anwani nimeibadilisha. Na yale maandishi ya mwisho hayajaficha nenosiri la mtu, ingawa wengi hushtuka. Ni neno "Password:" lililoandikwa kwa base64, namna ya kugeuza data kuwa herufi na tarakimu.)

Mstari huo haukutaja jina. Logi ya Dovecot, programu inayokagua nenosiri kwenye seva hiyo, ikalitaja: akaunti ya mapokezi, ambayo nenosiri lake lilibadilishwa Ijumaa. Dada wa mapokezi akaapa simu yake ameshaibadilisha, na kweli. Tulizunguka hadi mchana ndipo akakumbuka tableti ya zamani ya kuandikishia wageni. Ilikuwa kwenye droo ya chini, imechomekwa kwenye chaja, skrini imepasuka pembeni, inajaribu nenosiri la zamani bila kuchoka.

Jambo hilohilo hutokea kwa bando, kwa sababu kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unaweza kufungiwa kwa kosa la mtu usiyemjua. Zima data, subiri kidogo, washa tena. Mara nyingi utapewa anwani nyingine.

Kuna pia ujumbe kwamba anwani yako "blocked using zen.spamhaus.org". Usidhani simu yako imeshutumiwa kwa uhalifu. Hiyo ni orodha ya anwani zinazozuiwa, na hujumuisha kwa makusudi anwani za mitandao ya simu na za majumbani, kwa kuwa hazipaswi kupeleka barua moja kwa moja kwenye poti 25 za watu. Ukiupata ukiwa umetumia 465 au 587 na nenosiri, kosa ni la mwenye seva: anakagua orodha kabla ya kuuliza nenosiri.

Wi-Fi za hoteli na viwanja vya ndege: fungua kivinjari kwanza ukubali ukurasa wao.

Barua nzito

Picha tatu za kontena zilizopigwa kwa simu ya kisasa zinatosha kukwamisha kila kitu. Postfix isipobadilishwa hupokea barua isiyozidi baiti 10,240,000, na kiambatisho kinapopakiwa kwenye barua huongezeka kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo karibu MB 7.5 za picha ndiyo mwisho, siyo 10. Ukizidi utapewa 552. Gmail inaruhusu MB 25. Barua nzito ikikwama kwenye kikasha toezi, washa hali ya ndegeni, ifute, kisha rudisha mtandao. Punguza picha utume upya.

Kama seva ni yako, au unaweza kuweka Termux

Ondoa programu ya barua kwenye ugomvi uzungumze na seva mwenyewe, kwa mtandao uleule unaokataa. Kwenye Termux, programu ya Android ya kuandikia amri, weka openssl-tool kisha:

openssl s_client -connect mail.domeniyako.co.tz:465

openssl s_client -starttls smtp -connect mail.domeniyako.co.tz:587

Ukiona "Verify return code: 0 (ok)" na mstari unaoanza na 220 au 250, mtandao na muda wa cheti havina neno, hakikisha tu jina lililo kwenye cheti ndilo uliloandika kwenye simu, kisha rudi kwenye nenosiri. Ikikaa kimya baada ya kuanza kuunganisha, poti imefungwa njiani au umefungiwa.

Kwenye Postfix, hakikisha huduma ya 587 ina smtpd_tls_security_level=encrypt na ile ya 465 ina smtpd_tls_wrappermode=yes. Kwenye masharti, permit_sasl_authenticated itangulie reject_rbl_client yoyote. Dovecot iwekewe auth_verbose=yes, ili logi yake itaje jina la mtumiaji aliyekosea.

Ukiwaandikia wenye seva

Wape kitu cha kutafutia kwenye logi. Mimi huandika hivi:

"Habari za kazi. Akaunti ya mapokezi haitumi kwa simu kupitia poti 465, SSL/TLS. Nimejaribu leo saa 4:12 asubuhi kwa Wi-Fi ya ofisi, IP yetu ya nje ni hii. Kwa bando inatuma, kwa webmail inatuma. Picha ya kosa nimeambatisha. Naomba mnitazamie kama IP hii imefungiwa, na ni jina gani la mtumiaji lililosababisha."

Swali la mwisho usiliache. Wakifungua IP bila kukutajia jina, kesho saa kama hiyo utawaandikia tena.